Mwaka wa uongozi Israel na chama cha vijana wa Kiyahudi: maoni ya baba aliyelipa

Wazazi wenzangu hapa London, hasa Watanzania na Wakenya, wameniuliza sana habari za ule mwaka binti yetu aliokaa Israel baada ya kumaliza sekondari. Swali lao ni lilelile: mtoto ameshapata nafasi ya chuo, unamwachaje akae mwaka mzima bila kusoma, tena kwa gharama yako? Basi naandika nilichokiona na nilichokilipia. Kwa kifupi, kama mtoto anataka kujifunza kuongoza watu na yuko tayari akirudi kuendelea kufanya kazi hiyo bila malipo, pesa haipotei. Kama anataka kutembea na kupiga picha, mkatie tiketi ya wiki mbili akaone bahari.

Mimi ni fundi umeme, mtu wa Korogwe, Mwanglikana. Mke wangu ni Myahudi wa hapahapa London kaskazini, na kwa sheria zao mtoto hufuata upande wa mama, kwa hiyo watoto wetu ni Wayahudi bila mjadala. Binti alianza kwenda kwenye chama cha vijana tangu yuko shule ya msingi: mikutano ya kila wiki, kambi ya kiangazi, nyimbo, mashati ya buluu. Jina la chama silitaji, maana nina malalamiko yangu humu ndani na sitaki kugombana na watu ninaokutana nao sinagogi kwenye harusi.

Asiyejua vyama hivi anaweza kudhani vyote ni kitu kimoja. Hashomer Hatzair ilianzia Galicia mwaka 1913, Betar ilianzia Riga 1923, Habonim hapa London 1929, na mwaka huohuo Bnei Akiva ikaanza Yerusalemu. Wapo wa mrengo wa kushoto wenye ndoto za ujamaa, wapo wa kulia, wapo wa dini wanaosali mara tatu kwa siku, wapo ambao ukiwauliza habari za Mungu wataanzisha mdahalo. Ila wote wana desturi moja iliyonivutia tangu mwanzo: kijana ndiye anayemlea kijana. Mwenye miaka kumi na saba anasimamia kundi la wenye miaka kumi na miwili, anapanga kipindi, anabeba lawama. Watu wazima wapo pembeni tu. Sasa walezi hao lazima wapikwe mahali, na mahali penyewe ni huo mwaka wa Israel, ambao wenyewe huuita Shnat.

Nilipoelezwa mpango wenyewe, kwa kweli nilicheka. Nikamwambia mke wangu, hii si JKT hii, Jeshi la Kujenga Taifa la kwetu Tanzania? Sisi tuliomaliza kidato cha sita kabla ya 1994 tulikwenda jeshini kwa mujibu wa sheria. Mimi nilikuwa Maramba: mchakamchaka alfajiri, fatiki shambani, lindo usiku, na afande ambaye hakuwahi kukosea. Na undugu huo haukuwa wa kubuni. JKT ilipoundwa Julai 1963, Waisraeli walitoa msaada, na mfano mmojawapo ulikuwa Nahal, kikosi chao kilichochanganya jembe na bunduki. Uhusiano wa nchi hizi mbili ulikatika mwaka 1973, ukarudi 1995, lakini mchakamchaka ulibaki. Kwa hiyo nilijua kwamba kijana akiondolewa nyumbani, akalala bwenini na kufanya kazi ya mikono na watu asiowachagua, kuna kitu kinabadilika ndani yake. Nilichokuwa sijui ni jinsi mambo yanavyokwenda pasipo na afande.

Aliondoka Septemba 2022. Miezi ya kwanza ilikuwa Yerusalemu, kwenye chuo kinachoitwa Machon, ambacho kilianzishwa mwaka 1946 kwa kazi hiyohiyo ya kufundisha walezi wa vijana kutoka nje. Alikuta wenzake wa vyama mbalimbali na nchi mbalimbali. Masomo ni Kiebrania, historia ya Wayahudi, historia ya Uzayuni, mgogoro wa Waisraeli na Wapalestina, na lile hasa lililompeleka, ufundi wa kuendesha kipindi. Kuhusu madarasa sina mengi. Alisema baadhi ya walimu walikuwa hodari sana na baadhi walisoma slaidi, yaani kama chuo chochote. Baridi ya Yerusalemu ndiyo iliyomshangaza. Watu hudhani kule ni jangwa tupu, kumbe mji uko juu mlimani, na Januari ukiwa kwenye chumba chenye hita moja utatafuta blanketi kama mtu wa Lushoto. Ongezeni koti zito kwenye begi.

Kisha wakapelekwa kibutzi, yaani kijiji cha ujamaa cha Kiyahudi, kwenye bonde la Yordani. Asubuhi zizini au jikoni, jioni vikao. Hapa nilikuwa na hamu ya kusikia, maana mimi ni mtoto wa vijiji vya ujamaa, baba yangu alihamishwa na ile operesheni ya serikali ya kukusanya watu vijijini. Kibutzi cha kwanza, Degania, kilianza mwaka 1910, na kwa miongo mingi watu walikula pamoja, wakalea watoto pamoja, wakamiliki vyote pamoja. Siku hizi vingi vimeacha usawa wa mapato, kila mtu ana mshahara wake, na ukumbi wa chakula unalipia sahani. Binti aliwakuta wazee wawili watatu wanaosikitika na vijana wengi wasiojali. Chama kiliwapeleka pale kujifunza ujamaa, wakajifunza jinsi ujamaa unavyofifia bila mtu kuupiga vita. Nilimwambia hilo somo angelipata Handeni kwa nauli ya basi. Alinijibu kwamba Handeni hakuna aliyemwalika.

Kuanzia hapo ndipo pesa yangu ilipofanya kazi. Kwa miezi ya mwisho waligawanywa katika makundi madogo, kila kundi likapewa nyumba ya kupanga katika mji wa kawaida na kazi ya kufanya humo. Kundi la binti yangu lilikwenda Akko, mji wa pwani wenye ngome za zamani, Wayahudi na Waarabu wakiishi mtaa mmoja, na ambao Mei 2021 uliwaka moto kwa fujo baina yao. Kazi yao ilikuwa kusaidia Kiingereza mashuleni na kuendesha vipindi vya watoto kwenye kituo cha jumuiya. Mimi na mke wangu tuliwatembelea Aprili 2023, wakati Pasaka ya Kiyahudi, Pasaka ya Wakristo na Ramadhani vyote viliangukia wakati mmoja. Mchana mji mkongwe ulikuwa umenyamaza, baada ya futari hupati pa kuweka mguu.

Nyumba ilikuwa ghorofa ya pili, vijana wanane, bafu moja. Ukutani jikoni kulikuwa na daftari lililofungwa kalamu kwa uzi, na daftari hilo ndilo lililonifanya niheshimu programu hii. Posho zote za mwezi huingia mfuko mmoja. Hakuna fungu la mtu. Anayehitaji anachukua, anaandika alichochukua na kwa nini, na kila Jumapili jioni wanakaa kulipitia. Nililisoma, nikiwa na ruhusa: basi la Haifa kwenda na kurudi, sabuni ya kufulia, dawa ya chunusi, kioo cha simu, maua ya mama mwenye nyumba. Karibu na sabuni mtu ameandika kwa hasira kwamba hii ni ya tatu mwezi huu. Binti alinieleza kwamba ugomvi mkubwa ulitokea pale mmoja wao alipogundulika anatumiwa pesa na wazazi wake kimyakimya. Hawakuwa na mtu wa kumshtakia. Walikaa vikao mpaka usiku wa manane, siku kadhaa, wengine wakilia, mpaka wakakubaliana zinazotoka nyumbani nazo ziingie mfuko uleule wa wote. Mimi nilipokuwa naaga nilimpenyezea binti shekeli mia mbili, kama baba yeyote. Kesho yake akanitumia picha ya daftari. Zimeandikwa: kutoka kwa Baba. (Wote mle ndani waliniita Baba, wale watoto wa Manchester na Leeds, kwa kumsikia yeye. Sikuwakataza.)

Nilimwona pia akifanya kazi. Kipindi kilikuwa cha watoto wa miaka kumi hivi, juu ya uhuru, kwa sababu Pasaka ilikuwa inakaribia. Alipanga viti pungufu makusudi. Walioketi akawapa haki ya kuwatungia sheria waliosimama. Dakika chache tu, wale wa kwenye viti wameshatunga sheria kwamba waliosimama waruke kwa mguu mmoja, kuna mtoto analia, kuna mwingine anasukuma. Akasimamisha mchezo, akawakalisha chini wote, akauliza ni nani aliyewapa wale wa viti ruhusa. Kiebrania chake kilikuwa cha kuungaunga na watoto walimsahihisha bila huruma, lakini walimsikiliza.

Nilidhani imeisha. Kumbe shughuli ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Watoto walipoondoka, mwenzake na mratibu walikaa naye kwenye ngazi, wakamkosoa mbele yangu karibu muda uleule aliofundisha. Ulizungumza na wavulana watatu wa mbele tu. Yule aliyelia ulimwachia mwenzako bila kumwambia. Swali lako la mwisho lilikuwa na jibu ndani yake, watoto wakakupa ulilotaka kusikia. Yeye ameshika kalamu, anaandika, hajitetei. Mimi nimefundisha mafundi wanagenzi kwa miaka na sijawahi kukaa na mmoja wao nikamwambia maneno yenye manufaa kama yale. Kila baada ya kipindi hufanya hivyo, mwaka mzima, kila mtu kwa zamu yake. Ukiniuliza nililipia nini, nitakutajia ile ngazi.

Tulipokuwa kulekule, tarehe 6 Aprili, roketi 34 zilirushwa kutoka Lebanon kuelekea kaskazini ya Israel. Ving'ora vililia vijiji vya karibu na mpaka, sisi Akko tukasikia mingurumo tu. Kabla sijafungua redio, simu ya binti ilishaingia ujumbe: kila mmoja aandike yuko wapi na yuko na nani. Wote wanane walikuwa wamejibu kabla chai haijapoa, na mratibu akatupigia sisi wazazi mmoja mmoja. Safari zao zote, hata za matembezi, hupitishwa kwanza kwenye ofisi inayofuatilia hali ya usalama, na njia ikibadilishwa hawaulizwi. Hapo sina la kulalamika.

Lalamiko langu la kwanza ni ugonjwa. Januari binti aliumwa koo vibaya, akalala siku kadhaa, na habari tulizipata kwa mama wa mwenzake. Nilipopiga ofisini niliambiwa kwamba ni mtu mzima na hawaripoti mafua. Ni kweli ana miaka kumi na minane. Lakini walipotaka awamu ya pili ya ada hawakumwandikia yeye mtu mzima, waliniandikia mimi.

La pili, mratibu wao alibadilishwa katikati ya mwaka. Aliyekuwa anawajua aliondoka, akaja mwingine, na vijana walipewa taarifa Ijumaa kwa ajili ya Jumapili. Katika mpango unaodai kwamba uongozi ni uhusiano kati ya watu, hilo lilikuwa jambo la ajabu.

La tatu ndilo zito. Chama hiki kinajiita cha amani, na kwa kweli kilijitahidi. Walikutana na walimu wa Kiarabu, walikwenda Hebroni, mji wa Ukingo wa Magharibi, siku moja na waongozaji wa pande mbili, na kuanzia Januari 2023 wakati mamia ya maelfu walipokuwa wakiandamana kila Jumamosi kupinga mabadiliko ya mahakama, waliotaka kwenda Haifa kushuhudia waliruhusiwa. Lakini kwa sehemu kubwa Ukingo wa Magharibi walikatazwa kwa sababu za usalama, kwa hiyo Wapalestina wanaoishi chini ya jeshi waliwaona kwa dirisha la basi. Mwaka mzima wa historia, siku moja ya Hebroni. Nilimuuliza binti kama anaona inatosha. Alisema hapana, na kwamba hilo waliliandika wote kwenye tathmini ya mwisho. Kama waliisoma, sijui.

Jambo jingine wazazi wa watoto weusi mlifahamu mapema. Binti yangu ana rangi yangu. Mitaani watu walimsemesha Kiamhara wakidhani ni Mwethiopia, na hilo lilimchekesha. Uwanja wa ndege halikumchekesha, maana wenzake walipita na yeye akabaki anaulizwa jina la sinagogi na jina la bibi yake. Desemba 2017 Mkenya mmoja wa jumuiya ya Kiyahudi ya Kasuku aliyekuwa na viza mkononi alizuiwa kwenye uwanja wa ndege wa Ben Gurion na kurudishwa, ingawa alikuwa anakwenda kusoma dini. Pasipoti ya Uingereza ilimsaidia binti. Chama kiliwapa barua ya utambulisho, nayo isikae kwenye begi la chini.

Katikati ya mwaka kulikuwa na wiki ya Poland. Miji ya Warsaw na Krakow, na kambi za mauaji za Wanazi, Treblinka na Auschwitz-Birkenau. Sikuwapo, na sitajifanya kusimulia. Nitasema tu kwamba hawakupelekwa kulia peke yake. Walisimama kwenye kilima cha mtaa wa Miła namba 18, palipokuwa na makao ya wapiganaji wa gheto la Warsaw, mtaa ambamo Wanazi waliwafungia Wayahudi, mwaka 1943, wakafundishwa kwamba kamanda wao, Mordechai Anielewicz, alikuwa na umri wa miaka 24 na alitoka katika chama cha vijana, mlezi kama wao. Binti alirudi na hasira niliyoipenda, kwamba umri si kisingizio.

Sasa gharama. Ada ilizidi pauni 10,000, ndani yake nauli ya ndege, malazi, chakula, bima na Poland. Usikimbie. Kuna Masa, mfuko ulioanzishwa mwaka 2004 na serikali ya Israel pamoja na Shirika la Kiyahudi, unaopunguza kiasi kizuri, na vyama vyenyewe vina fungu la kusaidia wasio na uwezo, ila husemi hupewi. Sisi tulijaza fomu, tukaambatisha hati za mshahara, tukapunguziwa karibu theluthi. Yasiyoandikwa kwenye ada ni posho ya kila mwezi, likizo ambazo nyumba hufungwa na mtoto anatafuta pa kulala, na kile kioo cha simu.

Tangu binti arudi mambo yamebadilika sana kule. Baada ya 7 Oktoba 2023 na vita ya Gaza, programu nyingi ziliwarudisha vijana makwao, na Juni 2025 Israel na Iran ziliposhambuliana anga likafungwa, mpaka vijana kama 1,500 wa Birthright, mpango wa ziara fupi za vijana wa Kiyahudi, wakatolewa kwa meli hadi Cyprus. Mzazi anayefikiria sasa aulize kwa maandishi: mkiwarudisha katikati, ada yangu inakuwaje, na mtoto anamalizia wapi? Wapo pia ndugu zangu walioniambia mtoto hakupaswa kukanyaga kule hata kidogo. Siwabishii, kila mtu na dhamira yake. Binti mwenyewe Jumapili hii ameendesha kipindi juu ya Gaza kwa vijana wa miaka kumi na sita, wawili wakatoka nje wakibamiza mlango, akawafuata mpaka kituo cha basi wakarudi wote.

Kipindi kile cha Jumapili ndiyo sehemu ya mkataba isiyo kwenye karatasi. Anayekwenda Shnat anategemewa kulipa kwa miaka miwili mitatu ya kazi: kundi la kila wiki, kambi ya kiangazi, bajeti, simu za wazazi wenye wasiwasi. Kiangazi kilichopita alisimamia kambi ya watoto arobaini, akakataa kuajiri mpishi kwa sababu hesabu haikukubali, akapika yeye na wenzake. Chuo walimwekea nafasi yake bila matatizo, mradi uombe kuahirisha ndani ya fomu ileile ya kwanza na si baada ya matokeo.

Mdogo wake ana miaka kumi na sita na ameshaanza kuulizia. Nimemwambia fomu ya ruzuku ataijaza mwenyewe, na zile shekeli mia mbili asizitegemee.